Chumvi Kwenye Stroberi za Mama

Majani yalianza kuungua pembeni mwezi ule maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yalipokatika na msimamizi wa ploti akatufungulia kisima. Nasema kuungua kwa sababu ndivyo yalivyoonekana: ukingo mkavu wa rangi ya kahawia, na katikati jani bado la kijani, kama kwamba halijapata habari. Niliyaona asubuhi nikianika nguo juu ya paa. Nikasema ni jua. Jua la hapa mtaa wa Fedha ni kali, na paa letu ni zege tupu. Nikaisogeza miche kwenye kivuli cha tangi, nikateremka kwenda kazini, lakini siku nzima roho haikutulia na sikujua kwa nini.

Stroberi zile zilikuwa zangu kwa jina tu. Nilipewa miche na mwenzangu wa ofisini, nikaipanda kwenye mitungi ya plastiki iliyokatwa nusu, ili mama yangu apate kitu cha kufanya. Baba alipofariki nilimtoa mama Kaloleni, kwenye nyumba ya kanjo alikoishi tangu baba alipoajiriwa na reli, nikamleta kwangu kwa sababu presha ilikuwa inampanda na hakukuwa na mtu wa kumwangalia. Kule alikuwa na kishamba nyuma ya nyumba: kunde, mrenda, mchaichai wa chai ya jioni. Hapa nilimpa chumba kizuri cha ghorofa ya tatu na baraza inayotosha kiti kimoja. Alikaa dirishani siku nzima kama mgeni anayengoja kuruhusiwa aende zake.

"Hapa hata mate hayana pa kutemewa," aliniambia.

Basi stroberi zikawa wanawe. Alikuwa hajawahi kulima tunda hilo maishani mwake, na alilidharau mwanzoni, akasema ni chakula cha watu wa keki. Lakini ilipotoka ile ya kwanza, nyekundu, akaikata vipande akawagawia majirani wa ghorofa yetu, kila mtu kipande kidogo cha kumkejeli ulimi. Kuanzia hapo ukimtafuta unampata juu ya paa.

Lazima nieleze habari ya presha, kwa sababu yote yanatoka hapo. Daktari wa kliniki alikuwa ametuambia figo zimeanza kuchoka. Alisema waziwazi kwamba zikichoka zaidi hakuna cha kuzirudisha, ni mashine tu, na mashine si maisha ya mtu wa umri wake. Chumvi iachwe kabisa. Na mama aliiacha. Alichukua pakiti ya chumvi jikoni akampelekea jirani, akarudi akipangusa mikono. Kanisani alijisifu. "Mimi na chumvi tumeachana," aliwaambia wamama wenzake, na wao wakampigia makofi. Mimi nilipikiwa chakula kisicho na ladha kwa mwaka mzima, sikunung'unika. Naam, nilinung'unika, lakini kwa sauti ya chini.

Muuguzi wa kliniki alinifundisha jambo moja. Unabonyeza mguu juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba, unashikilia, kisha unaachia. Shimo likijaa mara moja, mambo ni sawa. Likikawia, mwili umeanza kushika maji. Likikaa pale likikutazama, mlete mgonjwa siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Nikafanya desturi ya kumbonyeza kila Jumapili kabla hajavaa soksi za kanisani. Yeye alikuwa anacheka, ananiita daktari wa gumba.

Sasa, maji ya kisima. Chai ndiyo iliyotuambia kwanza. Ukitia maziwa yanakatika, yanaelea vipande vipande. Jirani wa mlango unaotazamana na wetu, mama wa Kisomali mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, mwenye duka la vitambaa vya jumla Eastleigh, alitoka na sufuria mkononi kunionyesha.

"Dada, haya maji ni chumvi tupu. Hata chai imekataa," alisema. "Mimi nanunua maji matamu ya kunywa. Na wewe mnunulie mama."

Nilimwambia mama. Akaniangalia kama mtu aliyesikia upuuzi kutoka kwa mtoto aliyemsomesha.

"Maji ni maji ukiyachemsha," akasema.

Hilo ndilo lililokuwa kosa letu, na ni kosa la watu waliolelewa kama sisi. Kaloleni, mama alitulea kwa kuogopa taifodi. Watoto wa majirani walikuwa wanalazwa, sisi hatukulazwa, na sababu ilikuwa sufuria yake. Aliyachemsha maji mpaka mfuniko unacheza, kisha akayaacha yaendelee kucheza. Kwake hakuna ubaya wa maji unaoshinda moto. Kwa hiyo maji ya kisima yalipoanza kuonekana mabaya, dawa yake ilikuwa kuyachemsha zaidi. Sufuria ikipungua anaongeza mengine, anachemsha tena. Chini ilibaki ganda jeupe, akawa analikwangua kwa kijiko na kulimwaga, ameridhika kwamba uchafu umetoka. Mimi mwenyewe nilisimama jikoni nikaliona ganda lile likikua, na sikulipenda.

Na alikuwa anakunywa. Kliniki ilimwambia asijinyime maji, naye akalitii neno hilo kuliko ilivyokusudiwa. Jagi lilikuwa halitoki mezani. Yakibaki ya jagi, anapanda nayo juu ya paa, anawamwagilia wale wanawe.

"Siwezi kunywa yaliyochemka halafu wao niwape mabichi," alisema.

Juu ya udongo alinyunyiza majivu, kuzuia siafu na konokono, kama alivyofanya Kaloleni kwenye kunde. Kule ilifaa. Kulikuwa na udongo mwingi, mvua ilipita na kuondoka na kila kitu. Huku kila mche ulikuwa na udongo wa nusu mtungi, na kilichoingia hakikuwa na mlango wa kutokea.

Majani yakazidi kuungua. Kilichonitisha ni kwamba udongo ulikuwa umelowa. Unatia kidole unatoka na tope, na bado mche umelala kama haujaona maji tangu upandwe. Mama anaona umelala, anaongeza maji. Kesho yake umelala zaidi.

Nilichuma jani moja nikalipeleka duka la mbegu na dawa za mifugo lililo karibu na steji ya matatu. Mwanamke wa dukani alilishika kwa ncha za vidole, akaligeuza.

"Mnamwagilia maji gani?"

"Ya kisima."

"Na mbolea?"

"Majivu."

Akaguna. "Mnaichinja hiyo stroberi, mama. Sukuma wiki ingewavumilia. Spinachi hata isingejua. Stroberi haiwezi chumvi kabisa, ndiyo huwa ya kwanza kuumia." Akanieleza taratibu, kwa sababu niliuliza mara mbili. Chumvi ikijaa kwenye udongo, mizizi inashindwa kuvuta maji, hata yakiwa mengi. Mmea unashikwa na kiu ukiwa ndani ya maji. Ile chumvi kidogo inayopenya inapanda mpaka kwenye ncha za majani, inakwama hapo, inachoma. Na matunda yanakuwa madogo. "Mengine yanakuwa matamu, usidanganyike," alisema. "Toa majivu. Toboa vizuri chini ya mtungi. Mwagia maji ya mvua mengi mpaka yatokee chini, yaondoke na chumvi. Maji ya kisima, wachana nayo."

Nilitoka pale nikitafuta mvua angani, na mvua haikuwepo. Nikaanza kutembea. Nilikuwa nawaza miche, nawaza kiu ile ya ndani ya maji, na ghafla nikasikia sauti ya mama ya asubuhi ile: "Koo limenikauka, mwanangu, nipe jagi." Nilisimama katikati ya barabara. Bodaboda akanipigia honi, akanitukana vizuri, na alikuwa na haki. Nilikuwa naogopa sana.

Nilimkuta dirishani, jagi ubavuni. Sikumsalimu. Nilichukua jagi nikalimwaga kwenye sinki.

"Tangu leo hunywi haya maji."

"Nitakunywa nini, soda?"

"Yana chumvi, Mama. Ukiyachemsha maji yanaondoka, chumvi inabaki. Unajipikia chumvi!"

Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, naye ndiye aliyenipa tabia hiyo, kwa hiyo tulipigizana kelele mpaka jirani akagonga mlango. Yule mama wa Kisomali hakuuliza lolote. Aliingia, akaweka mtungi wa maji matamu jikoni, akamwambia mama, "Shikamoo, mama. Haya ni ya kwako, wala usinikatalie mimi kama unavyomkatalia yeye," akatoka. Mama hakuweza kukataa. Kwake, mgeni hakataliwi nyumbani.

Nikadhani nimemaliza. Jioni akapakua ugali na kunde, na kunde zilikuwa laini, zina utelezi ule mzuri, na ladha niliyoijua tangu sijaota meno. Tonge likanisimama mdomoni.

"Umeweka nini humu?"

"Majivu," akasema, bila wasiwasi wowote.

Kwetu magharibi tunaita musherekha. Maganda ya maharagwe yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanatiwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji juu, yanadondoka polepole kwenye bakuli yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Maji hayo ndiyo yanayolainisha kunde na mrenda. Mama alikuwa na mkebe wake uliotoka Kaloleni pamoja naye, na majivu aliletewa na wamama wa kanisa waliokwenda nyumbani kusalimia. Siku zote mimi nilijua mkebe upo. Ulikuwa chini ya sinki, kama mwiko na kinu, kitu cha jikoni tu.

"Mama, hiyo ni chumvi."

"Chumvi ni ile ya dukani. Hiyo niliiacha. Haya ni majivu."

Nilimpeleka kliniki. Daktari, kijana mpole, aliposikia habari ya majivu aliweka kalamu chini. Akamweleza mama kwamba hiyo nayo ni chumvi, ila ya aina nyingine, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Inajikusanya, na ikijikusanya moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Akambonyeza mguu. Shimo lilikawia. Mama alitazama sakafu muda wote.

"Umenielewa, mama?"

"Nimesikia," mama akasema.

Tuliporudi nilichukua mkebe na mfuko wa majivu, nikavitupa kwenye jaa nje ya geti, yeye akiniangalia kutoka dirishani. Wiki nzima hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima. Mboga alikula kama anayekunywa dawa, anameza, hatafuni. Iliniuma. Lakini nilijiambia afadhali aninunie akiwa hai.

Kisha mvua za masika zikaja. Tulipanda wote wawili juu ya paa siku ya kwanza, tumejifunika magunia ya plastiki, tukatoa mitungi kivulini tukaipanga wazi. Maji yaliingia juu yakatokea chini, mwanzoni yakiwa na povu na rangi chafu, baadaye safi. Tulikinga mabeseni ili tuwe na akiba ya kumwagilia. Mama alisahau kununa. Alikuwa amelowa mpaka kwenye kitambaa cha kichwa na anatabasamu.

Miche ikarudi. Majani mapya yalitoka katikati, bila ukingo wowote, na baada ya muda maua meupe. Jumapili nilibonyeza mguu na shimo lilijaa kabla sijaondoa mkono vizuri. Nilianza kutembea kwa maringo kama mtu aliyegundua dawa. Nilimwambia jirani, nikamwambia mwenzangu wa ofisini, ningemwambia na bodaboda yule kama ningemwona.

Mche mmoja tu haukupona. Ulikuwa nyuma ya tangi, karibu na ukuta, mahali ambapo nguo hazifiki kwa hiyo nami sifiki sana. Majani yake mapya yalitoka mazuri, kisha yakaanza kahawia pembeni. Nikasema ni chumvi ya zamani. Niliumwagia beseni zima la maji ya mvua. Ukatoa majani mengine. Nayo yakaungua.

Mitungi mingine yote ilikuwa inanywa mvua ile ile. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Nilikuwa nikifua, nikipika, nikiwa kwenye foleni ya benki, nauwaza mche ule mmoja. Na Jumapili shimo lilianza tena kukawia kidogo. Mama akasema ni uzee. Jumapili iliyofuata alisema anaumwa kichwa, soksi amekwisha kuvaa, nisimsumbue. Na iliyofuata alikuwa ameamka kabla yangu, amevaa, amekaa mlangoni na Biblia.

Jumamosi moja mchana niliporudi kutoka sokoni nilipanda moja kwa moja juu. Mvua ilikuwa imenyamaza lakini wingu lilikuwa zito upande wa Embakasi. Nilichutama mbele ya mche ule, nikachukua udongo kidogo kwenye kidole, nikaulamba. Ulikuwa mkali, wa kuteleza kama sabuni. Ladha hiyo siwezi kuisahau. Nimekula kunde za mama tangu utoto. Nilibaki nimechutama na kidole mdomoni, na nikasikia kitu kinadondoka. Tone, kimya, tone.

Nyuma ya tangi kulikuwa na kipande cha bati kimeegemezwa ukutani. Nilikiondoa. Palikuwa na ndoo ndogo ya plastiki imetundikwa kwa waya kwenye bomba, imetobolewa chini kwa msumari, na ndani yake majivu yaliyolowa. Yalikuwa mapya. Chini yake bakuli letu lenye maua, lile nililodhani limevunjika, limejaa mpaka linamwagika, na linapomwagika linatiririka kwenye mtungi wa mche. Bila shaka wamama wa kanisa ndio walioleta majivu. Wote walijua, na kila Jumapili walinisalimu wakacheka nami.

Nilimsikia mama kwenye ngazi kabla sijamwona. Alikuwa anapumzika kila anapofika mahali ngazi zinapopinda, anahema, anapanda tena. Nilimngoja. Nilikuwa nimekasirika sana, lakini nilipomwona anatokea mlangoni ameshika ukuta, hasira ilishuka na ikabaki hofu peke yake.

Aliona bati, akaona uso wangu.

"Usiimwage," akasema.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka kula." Alisubiri pumzi imrudie. "Nyumba yangu mmechukua. Shamba langu mmechukua. Chumvi nimeacha, maji nimeacha, mpaka jagi lenyewe umelificha. Sikusema kitu. Hiki kimoja nimejiwekea. Mara mbili kwa wiki, ukiwa kazini, mboga ya kula mtu. Siombi kingine."

"Daktari alisema moyo utasimama."

"Alisema. Nilikuwepo."

Akapita kando yangu, akainama kwa shida kwenye mche uliokuwa unakufa. Kati ya majani yaliyoungua kulikuwa na tunda moja, dogo kama ncha ya kidole, jekundu mpaka linakaribia weusi. Sikuwa nimeliona. Akalichuma akanipa.

"Onja."

Nilikula kwa sababu ni mama yangu amenipa. Lilikuwa tamu kuliko stroberi yoyote iliyowahi kutoka juu ya paa lile. Mche mzima ulikuwa umejimaliza hapo. Nilitamani liwe chungu, niliomba liwe chungu, na utamu ukabaki ulimini.

"Umeona?" mama akasema, na akacheka.

Nikageuza mtungi mtupu, nikamkalisha. Hakubisha. Nilipiga magoti kwenye zege lililolowa, nikamvua kiatu, nikateremsha soksi. Soksi ilikuwa imeacha alama nene kuzunguka mguu. Nikabonyeza kwa gumba, nikashikilia, nikaachia.

Mama hakuweza kuinama aone. Alikuwa anatazama wingu, mikono imelala magotini, ananingoja mimi.

"Limejaa?"

Nilikuwa nalitazama shimo la kidole changu kwenye mguu wa mama yangu, na nyuma ya tangi majivu yanadondoka. Lilikuwa bado pale, likinitazama.

"Wewe msichana, nakuuliza. Limejaa?"

"Vaa kiatu, Mama," nikasema. "Twende."